Herufi Saba

Penseli ilikuwa butu, na karatasi ilikuwa ile nyembamba inayofungiwa viatu vipya. Niliilaza juu ya chuma, nikaibana kwa kidole gumba, nikaanza kusugua polepole kama mtoto anayechapisha sarafu kwenye daftari. Mara ya kwanza niliambulia doa jeusi tu. Mara ya pili karatasi ikachanika. Mara ya tatu zikaanza kujitokeza, nyeupe ndani ya weusi: G, E, R, S. Chini yake, kwa herufi ndogo zaidi: E, L, D.

Saa saba usiku. Nyumba nzima imelala.

Nikasema kwa sauti, peke yangu: "Rodgers. Sheffield."

Wiki sita zilizofuata sikutulia.

## Kisu cha Mjerumani

Kisu kilikuwa cha mjomba. Ni cha kukunja, cha kutia mfukoni, sentimita 9 kikiwa kimefungwa. Kina mabapa mawili, kubwa na dogo, kila moja likitokea mwisho wake wa mpini. Mpini una rangi ya asali iliyoungua, na umechongwa mikwaruzo ya makusudi ili usiteleze mkononi. Bapa kubwa limenolewa mpaka limekonda. Bapa dogo sikuwahi kuliona likifunguliwa hata siku moja.

Mjomba alipofariki nikapewa mimi, kwa sababu nilipokuwa na miaka saba niliwahi kukililia kisu hicho, na ukoo mzima unakikumbuka kile kilio.

Nyumbani kiliitwa "kisu cha Mjerumani". Kwa nini? Jina la kitu likishazoeleka hapatikani tena wa kuuliza. Mimi nilidhani ni kwa ajili ya mlio wake. Kikifungwa husema tak!, mara moja, kwa ukavu, bila maelezo, na utotoni niliamini kwamba Wajerumani wote ndivyo walivyo.

Wapo walioniambia ni Okapi tu, nisijisumbue. Okapi naijua. Ina nyota na mwezi kwenye mpini wa mbao, na pete mgongoni ya kufungulia. Hiki hakina hata kimoja. (Okapi, kwa njia, ina wepesi wake kwa mtu anayetafuta umri. Mnyama okapi, aliyekipa kisu hicho jina, alitambuliwa na wanasayansi mwaka 1901. Ukiona mtu anauza Okapi "ya mwaka 1890", huyo anakuuzia mbuzi kwenye gunia.)

## Msasa

Kabla sijaendelea, nina jambo la kukiri. Ndilo lililonichelewesha kuandika makala hii.

Wiki moja kabla ya usiku ule wa penseli, nilikipiga kisu msasa.

Nia ilikuwa njema. Kilikuwa na kutu, nami nilitaka kukiheshimu. Nikakata kipande cha msasa, nikalisugua bapa kubwa kwa mizunguko, upande huu na upande ule, mpaka likang'aa kama kijiko cha wageni. Nikafika hadi kwenye msuka, pale makali yanapoishia na chuma kinapozama ndani ya mpini. Nikausugua nao. Nikakipiga kisu picha. Nikajipongeza.

Wanaovijua visu wangenikamata mkono. Mtengenezaji akitaka kuandika jina lake, mara nyingi huliandika hapo hapo kwenye msuka, kwa chapa ya chuma inayogongwa kwa nyundo mara moja. Chapa hiyo haizami sana. Kutu huila kwa miaka sitini. Msasa hauhitaji hata dakika sita.

Kwa hiyo nilipoziona zile herufi saba, furaha haikuja peke yake. Kabla ya G kulikuwa na nini? Chuma upande ule ni laini na kinameremeta, na kumeremeta kule ni kazi ya mkono wangu.

Alama niliyokuwa naitafuta, huenda niliifuta mwenyewe.

## Nyota na msalaba

Jina la Rodgers halikunijia hivi hivi. Ukianza kusoma habari za visu vya zamani, jina hilo utakutana nalo kabla hujamaliza ukurasa wa kwanza.

Sheffield ulikuwa mji wa visu kwa karne nyingi. Mwaka 1624 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuanzisha chama cha mafundi visu wa Hallamshire, yaani Sheffield na viunga vyake, na kazi mojawapo ya chama hicho ilikuwa kusajili alama. Kila fundi na yake, na ole wake atakayegonga ya mwenzake. Kati ya alama zote hizo, iliyosafiri mbali kuliko nyingi ni ya Joseph Rodgers & Sons: nyota, na pembeni yake msalaba wa Malta. Hawa walikuwa mafundi visu wa wafalme tangu enzi za George IV. Kwa ajili ya maonyesho makubwa ya London ya mwaka 1851 walitengeneza kisu kimoja chenye mabapa na vifaa 75, kitu ambacho hakuna mfuko uliowahi kushonwa wa kukibeba. Na wakati wa Malkia Victoria waligonga kwenye misuka yao herufi V na R zenye taji katikati. Ukizikuta hizo, unajua chapa ni ya zama zake, na yeye alifariki mwaka 1901.

Sasa fikiria mtu aliyeona GERS saa saba usiku.

Nilikitaka kisu cha mjomba kiwe cha Rodgers. Niseme ukweli: nilikitaka kwa uroho. Nikachukua tochi ya simu, nikailaza sawa na chuma ili mwanga uambae juu yake badala ya kukipiga usoni. Kwa mwanga wa namna hiyo hata shimo lisiloguswa na kucha hutupa kivuli. Nikapaka unga wa chaki, nikaufuta kwa kidole, ule uliobaki mashimoni ukabaki. Nikapiga picha zaidi ya mia moja. Katika picha ya thelathini na kitu niliona nyota. Katika ya hamsini niliona msalaba.

Asubuhi nilizitazama tena. Nyota ilikuwa mikwaruzo mitatu iliyokutana. Msalaba ulikuwa miwili.

Mwanga ule una tabia hiyo. Unamwonyesha mtu kila kilichopo, na mwenye hamu humalizia kisichokuwepo.

## Upande wa kulia

Kilichonirudisha chini ni upande ambao sikuufuta.

Baada ya S, kulia, chuma ni kizima. Kina weusi wake wa uzee, msasa haukufika vizuri kwa sababu kiko karibu na mpini. Na hapo hakuna kitu. Hakuna "& SONS". Hakuna nukta. Jina linaishia kwenye S, basi.

Nikajaribu kupima. Chapa za mistari miwili mara nyingi hupangwa ili katikati ya mstari mmoja ilingane na katikati ya mwingine. Kama wa chini ni SHEFFIELD, una herufi tisa, na upana wa tatu kati yake ninao. Nikakata ukanda wa karatasi, nikaweka alama kwa sindano, nikajua SHEFFIELD ilianzia wapi. Kutoka hapo nikakadiria mstari wa juu. Kabla ya GERS palikuwa na nafasi ya herufi mbili au tatu.

RODGERS inaingia. Lakini ROGERS, bila D, inaingia pia.

Na hapo ndipo shimo lilipofunguka. Jina likishauza, halikosi ndugu. Rodgers wenyewe walikuwa mahakamani tangu miaka ya 1840 wakigombania nani ana haki ya kugonga jina hilo kwenye kisu. Kulikuwa na watu walioitwa Rodgers kwelikweli, kwa kuzaliwa, na kulikuwa na walioona tu kwamba jina linalofanana halidhuru biashara. Kwa herufi nne za mwisho, na herufi za mwanzo zikiwa zimeliwa, nilikuwa nimeshika mkia tu, na wanyama wenye mkia wa namna hiyo ni wengi.

Nikasema basi, angalau nipate umri. Chuma cha bapa kubwa kinashika kutu, kwa hiyo si kile kisichoshika kutu ambacho Harry Brearley alikipata huko huko Sheffield mwaka 1913. Nikafurahi kwa muda wa dakika kumi: kisu ni cha kabla ya 1913! Kisha nikakumbuka kwamba visu vya chuma cha kawaida vinatengenezwa hadi leo. Kukosa kitu si ushahidi wa tarehe. Ningekuwa nimeandika hivyo ukutani, ningeokoa wiki nzima.

Niliwaonea wivu wenye visu vya kampuni nyingine. Kampuni ya Case ya Marekani ilianza mwaka 1970 kugonga nukta kumi kwenye msuka, kila mwaka ikapunguza moja. Unahesabu tu, unajua mwaka. Visu vya jeshi la Uswisi vimegongwa mwaka wenyewe. Watu hao wanahesabu nukta, mimi nahesabu mikwaruzo.

## Jina na mkono

Kadiri nilivyosoma ndivyo swali lenyewe lilivyoanza kunikalia vibaya.

Nilikuwa nauliza: nani alikitengeneza? Nikidhani jibu limegongwa kwenye chuma. Kumbe jina la kwenye msuka mara nyingi ni la muuzaji. Huko Marekani, Simmons wa St. Louis aliuza vifaa vya chuma vya kila aina chini ya jina Keen Kutter, visu vikiwemo, vilivyotoka viwanda vya watu wengine. Kiwanda kimoja kingeweza kugonga majina kumi kwa wiki moja, kulingana na nani ameagiza.

Na hata pale jina lilipokuwa la kiwanda, mikono ilikuwa mingine. Kisu cha Sheffield kilipita kwa mfuaji aliyekipiga kikiwa chekundu, kikaenda kwa mnoaji, kikaenda kwa muungaji aliyekitia springi na mpini. Wengi wao hawakuwa hata chini ya paa moja. Walikuwa na vibanda vyao au walikodi nafasi, wakalipwa kwa kazi. Solingen kule Ujerumani ilikuwa hivyo hivyo, wanoaji wakiwa kwenye vibanda vya kandokando ya mto Wupper, maji yakizungusha mawe. Kazi ya kunoa ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko zote. Mnoaji wa Sheffield alikaa ameinamia jiwe linalozunguka, uso karibu nalo, akivuta vumbi la jiwe na la chuma siku nzima, na wengi mapafu yaliwamaliza wakiwa bado vijana. Bapa lililokonda hapa mezani kwangu kuna mtu alilitia makali kwa mara ya kwanza, akavuta vumbi lake. Jina lake halikugongwa popote.

Chapa kumbe inajibu swali lingine: kisu kikivunjika, nikamlalamikie nani? Ndiyo maana alama zililindwa kama mali. Mapacha wa Henckels, wale watu wawili wadogo unaowaona hadi leo kwenye visu vya jikoni, waliandikishwa Solingen mwaka 1731. Hakuna aliyedhani kwamba mapacha ndio waliofua chuma.

Kwa siku kadhaa nikakiweka kisu kwenye droo.

## Matone matatu kila usiku

Lililonirudisha ni lile bapa dogo.

Lilikuwa limeganda. Kipengo cha kutilia ukucha kilikuwepo, lakini ukucha ungeng'oka kabla ya bapa kutikisika. Na mimi, baada ya msasa, nilikuwa nimejiapiza kutotumia nguvu tena. Nikaanza kutia matone matatu ya mafuta mepesi kwenye kiungo kila usiku, nakifunga kitambaa, nakilaza.

Siku hizo za kungoja nikautazama mpini. Hapo awali nilikuwa na wasiwasi kwamba ni seluloidi, ile plastiki ya zamani iliyoigiza pembe na mfupa. Seluloidi ikizeeka huoza na kutoa hewa inayokula chuma kilicho jirani, na nilishangaa kwa nini kutu ilikuwa nyingi vile. Kwa kioo cha kukuzia nikaona vitobo vidogo vyeusi, na mahali pengine vijistari vifupi, vyote vikielekea upande mmoja. Hiyo ni mifereji ya damu. Mpini ni mfupa. Pembe ya ndovu ingekuwa na mistari inayokatana kama wavu, na seluloidi isingekuwa na vitobo hivyo. Nikafurahi, kwa sababu kwa mara ya kwanza nilikuwa na jibu moja lisilo na "huenda".

Usiku wa kumi na moja nilitia ukucha bila matumaini, bapa likanyanyuka.

Lilifunguka nusu, likagoma, likafunguka lote. Lilikuwa jipya. Sijui niseme vipi: mwilini mwa kile kizee kulikuwa na kijana ambaye hakuwahi kutoka nje. Hapakuwa na msasa wangu wala jiwe la mjomba. Mistari ya mnoaji wa kwanza bado imo, myembamba, imelala kimshazari. Na kwenye msuka, kwa herufi zilizosimama wima kama zilizogongwa jana, neno moja.

GERMANY.

Nikacheka mpaka nikaziba mdomo. Ukoo mzima ulikuwa sahihi tangu mwanzo.

## Nadharia yangu nzuri

Kisha nikaharibu tena. Kwa siku nne nilitembea na nadharia ambayo bado naiona nzuri, ila tu haikuwa kweli.

Karne ya 19 mafundi wa Sheffield walilalamika sana kwamba visu vya Solingen vinagongwa jina la Sheffield na kuuzwa duniani kama vyao. Kelele hizo zilichangia sheria ya Uingereza ya mwaka 1887 ya alama za bidhaa, iliyotaka bidhaa ya kigeni inayojifanya ya Kiingereza iseme ilikotoka. Marekani nayo, kwa sheria ya ushuru ya mwaka 1890, ikataka bidhaa zinazoingia zitaje nchi zilikotengenezwa. Ndipo maneno kama GERMANY na ENGLAND yalipojaa kwenye misuka. Nikaunganisha: kisu cha mjomba ni cha uongo! Bapa kubwa linadanganya Sheffield, bapa dogo, ambalo mnunuzi halifungui, linanong'ona ukweli ili kumridhisha ofisa wa forodha.

Nilianza hadi kuandika makala hii na nadharia hiyo. Aya tatu.

Ya nne ilikataa kuandikika. Mwongo gani huyo anayeficha ukweli umbali wa sentimita 9 kutoka kwenye uongo wake?

Nikafanya nililopaswa kulifanya siku ya kwanza. Nikampigia simu mkaza mjomba.

## "Unasema kipi?"

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kwema?"

"Kwema. Nilitaka kukuuliza kuhusu kile kisu cha mjomba."

"Kimekukata?"

"Hapana mama. Nataka kujua alikitoa wapi."

"Alikikuta kwa baba yake. Baba yake alikitoa wapi, yeye mwenyewe hakujua." Akanyamaza kidogo. "Lakini unasema kipi? Cha kwanza, au hicho alichokitengenezesha?"

Nikakaa chini.

"Kile kikubwa si kilivunjika," akasema, kama mtu anayemkumbusha mwenzake jambo la juzi. "Alikuwa anabandulia kopo la rangi. Nikamwambia, baba, utakivunja hicho. Akanijibu, chuma cha Mjerumani hakivunjiki. Kikavunjika pale pale." Akacheka kwa raha ya mtu aliyesubiri miaka mingi kuulizwa. "Alinuna siku tatu. Halafu akakipeleka kwa fundi, akarudi nacho kimetiwa kingine. Kilitoka kwenye kisu kingine kilichokufa mpini."

"Fundi gani, mama?"

"Fundi tu. Wa kufuli, miavuli, majiko."

"Aliitwa nani?"

"Mwanangu, nani anakumbuka jina la fundi miavuli?"

## Pini ya pili

Niliposhika kisu tena kila kitu kilikuwa wazi, na aibu yangu nayo.

Bapa huzungukia kwenye pini. Pini ya bapa dogo ni ya shaba, imesawazishwa mpaka huioni ilipoanzia. Unaihisi kwa rangi tu. Pini ya bapa kubwa ni ya chuma cha kijivu. Kichwa chake kimenyanyuka kidogo, na kina sura bapa tatu, kila moja pigo la nyundo. Nimekishika kisu hicho mamia ya mara, nikatafuta nyota isiyokuwepo chini ya kioo cha kukuzia, na kichwa cha pini kilichokuwa kinanikwaruza kidole sikukiona.

Nikatazama ndani, kwa tochi. Kwenye msuka wa bapa dogo, upande wa ndani, kuna mikato miwili midogo ya tupa. Bati la jirani yake, lile linalolala ndani ya mpini, lina mikato miwili pia. Mwungaji aliitia ili vipande alivyovilinganisha visichanganyike na vya kisu kingine mezani. Mwisho wa pili, kwenye bati la upande wa bapa kubwa, nako kuna mikato miwili. Msuka ulio jirani nayo hauna hata mmoja.

Hapo nikaanza kumfuatilia fundi.

Kisu cha namna hii hakina kufuli. Springi iliyolala mgongoni hubonyeza msuka, na msuka una kona na nyuso zilizochongwa, ili bapa likizunguka springi ipande kwenye kona kisha idondoke kwenye uso. Kudondoka huko ndiko tak! Uso ukizidi kwa upana wa unywele, bapa linalegea, ukipungua, linagoma. Fundi wa miavuli alipewa msuka uliochongwa Sheffield kwa ajili ya springi nyingine kabisa, akatakiwa aufanye uelewane na springi ya Mjerumani. Nikapitisha kucha mgongoni kisu kikiwa wazi, kutoka kwenye bapa kwenda kwenye springi. Haikukwama popote. Nikakifunga nikapitisha tena. Springi imenyanyuka kidogo mno, kiasi cha kuhisiwa na kucha tu, macho hayaoni. Alikaribia hivyo, kwa tupa na jicho, pengine akiwa na mwavuli wa mtu mwingine magotini.

Na msuka ulikuwa mnene mno kuingia kati ya mabati. Ilibidi aupunguze ubavuni.

Nililiona hilo mwisho kabisa, usiku, kwa ule mwanga wa kuambaa. Upande wa kushoto wa herufi, pale panapometameta, kuna mizunguko ya msasa wangu. Chini ya mizunguko hiyo kuna mistari mingine, mirefu, iliyonyooka, yote ikienda upande mmoja. Ni mistari ya tupa. Inaanza kabla ya mahali R ingekuwa, inapita, inaishia kwenye ukingo wa G.

Kama kulikuwa na nyota, ilikwisha kuchongwa kabla sijazaliwa. Au alibakiza kivuli chake na mimi nikakimalizia. Mistari yake na mizunguko yangu imelaliana. Hakuna mwanga unaoweza kututenganisha.

## Simu ya pili

Nilimpigia tena mkaza mjomba siku mbili baadaye, kumweleza. Nikamwambia habari za pini, mikato, Sheffield, Solingen, Malkia Victoria. Alisikiliza kwa subira, akisema "ehee" mahali panapostahili. Nilipofika kwenye mifereji ya damu ya mfupa nikasikia anamwambia mtu apunguze moto.

"Kwa hiyo mama," nikasema, "huenda hata hiki si kile alichokuwa nacho ulipomjua."

"Kifunge," akasema.

"Nini?"

"Kifunge nisikie."

Nikaweka simu mezani, nikaibonyeza sauti juu. Nikalifungua bapa kubwa, nikalishika kwa mgongo wake, nikalirudisha mpaka springi ikapanda kwenye kona, nikaliachia.

Tak!

Upande wa pili kulikuwa kimya, kisha nikamsikia akivuta pumzi.

"Ndicho," akasema.